Kopo Lililozama

Kila mwanamke wa Kapata, mtaa wa wafanyakazi wa migodi huko Kolwezi, alikuwa na maficho yake. Tangu Kampuni ya migodi ianze kuruka miezi bila kugawa unga, wanawake wa zile nyumba za safu walijifunza kula kibaya kwanza na kuficha kizuri. Mmoja alizika chumvi ndani ya mtungi, mwingine alifungia sukari pamoja na vyeti vya ubatizo. Odile alikuwa na sanduku la bati chini ya kitanda, lile alilokuja nalo siku ya ndoa. Ndani yake alilaza kitenge ambacho hakijawahi kuguswa na maji, sabuni mbili za kunukia, na katikati ya mikunjo ya kitenge, pompi ya kahawia ya kuvutia dawa ya kifua.

Pompi ile ilikuwa ya binti yake Abigaëlle, mwenye miaka sita na pumu tangu alipokuwa wa kunyonya. Kwa wiki saba Odile hakuitoa humo hata siku moja. Alikuwa akiitunza.

Aliyempa ni jirani yake wa ukuta kwa ukuta, Mama Mianda, muuguzi wa dispanseri ya cité, yaani ya mtaa ule. Mianda aliishi na baba yake mzee, tata Kanku, aliyefanya kazi miaka thelathini penye tanuru za Kampuni na kutoka huko na saa ya mkononi na kifua kinachopiga mluzi. Mzee na mtoto waliugua ugonjwa mmoja, kwa hiyo walikuwa na ibada moja. Kila asubuhi waliketi kwenye benchi la nyuma ya nyumba ya Mianda, beseni la maji miguuni, na Mianda akawavutisha dawa kwa zamu. Pompi aliichomeka kwenye tako la chupa ya mafuta ya kula, tundu alilolitoboa mwenyewe kwa waya wa moto, na mdomo wa chupa akautia kinywani mwa mtoto, ili dawa isiishie kwenye ulimi. Baadaye sharti kusukutua na kutema, maana dawa ile ikibaki mdomoni huchubua. Kutema kukawa mashindano. Aliyefikisha mate kwenye shina la mlimau ndiye mkubwa wa siku hiyo.

"Vuta, patroni," mzee alikuwa akimwambia mtoto. "Usimeze. Sukutua. Haya, tema."

"Tata Kanku, we unatema karibu."

"Ni upepo. Upepo unapendelea batoto."

Mianda hakuamini kutikisa pompi ili kujua kilichobaki ndani. Alikichomoa kile kikopo cha chuma kutoka kwenye plastiki yake, akakitumbukiza kwenye beseni. Kikizama hadi chini, kimejaa. Kikisimama katikati kama mtu anayesita mlangoni, kimefika nusu. Kikilala juu ya maji kama jani, hakuna kitu tena, tafuta kingine. Abigaëlle alipenda kuwa yeye wa kukitumbukiza.

Halafu ukaja mwaka wa tisini na tatu. Redioni na mikutanoni ikasemwa kwamba wale ambao babu zao walitoka Kasai warudi kwao. Mianda hakuwahi kuiona Kasai. Alizaliwa Kolwezi, akabatizwa Kolwezi, Chiluba cha baba yake alikizungumza kwa kukwama, na akitaka kugomba aligombea Kiswahili kama kila mtu. Haikusaidia kitu. Vijana walianza kupita kwa nyimbo, wakiwaita majirani zao bilulu, yaani wadudu, na kila Jumanne na Ijumaa safu moja ya nyumba ilitolewa watu.

Jioni ya kuamkia siku yao, Mianda na baba yake walipitia nyuma, kwenye upenyo wa ua. Mianda alikuwa na soksi mkononi, na ndani ya soksi pompi ya kahawia.

"Odile, sikia muzuri. Hii njo dawa kubwa," alisema. "Ile ya buluu muko nayo ni ya haraka tu, ya kufungua kifua. Hii njo kubwa, na ni ya mwisho, dispanseri haina ingine. Asubuhi na jioni, mara mbili mbili. Hata akicheka. Hata akikimbia."

"Na tata Kanku?"

Mzee alijipiga mfuko wa koti. "Mi niko na yangu, ya kujaa kabisa. Hii ni ya patroni." Akainama kwa shida akamshika Abigaëlle kidevu. "Ufike kwenye mulimau kila siku, sawa? Mi nitauliza."

Odile aliipokea kwa mikono miwili. Na hapo ndipo kosa lilipozaliwa, kosa la mwanamke wa Kapata, la mtu aliyezoea kuficha unga mweupe na kupika ule wenye wadudu. Katika maneno yote ya Mianda alisikia mawili tu, *kubwa* na *ya mwisho*. Dawa kubwa ni ya ugonjwa mkubwa. Kitu cha mwisho hakiguswi mpaka siku ya mwisho. Nani anachinja kuku wake wa mwisho siku ambayo hakuna mgeni?

Kesho yake vijana walisimama mbele ya nyumba ya Mianda wakampa hadi saa sita. Stany, mume wa Odile, alipunguza sauti ya redio, akaketi akiangalia viatu vyake. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa miezi minane bila mshahara, na mtu wa namna hiyo huogopa hata kivuli cha kofia yake. Odile alisimama nyuma ya pazia. Aliwaona wakitoka na godoro, cherehani, na mlango wa jikoni ambao mzee alikataa kuuacha kwa sababu aliuchonga mwenyewe. Mianda aligeuka mara moja akaangalia dirisha lao. Odile akauachia mkunjo wa pazia.

Siku za kwanza mtoto alikuwa mzima. Alikimbia, aliruka kamba, alilala bila mluzi. Asubuhi ya tatu aliuliza, "Mama, ile ya kusukutua?"

"Tunaiwekea siku mbaya, mwanangu. Akiba haiozi."

Wiki ya tatu mluzi ukarudi, mdogo, kama panzi aliyefichwa chini ya blanketi. Odile hakuhangaika. Kulikuwa na pompi ya buluu, na pompi ya buluu ilipatikana. Musafiri, mchuuzi aliyekuwa akipanda magari ya mizigo hadi ng'ambo ya mpaka, aliziuza sokoni katikati ya betri na sindano za cherehani.

"Ya kahawia huleti?" Odile alimuuliza siku moja.

"Nani ataninunulia, mama? Watu wanavuta ile wanangoja, hawasikii kitu, wananirudishia eti nimewauzia hewa. Ya buluu anavuta hapa hapa, anafungua kifua, ananisifu mbele ya watu."

Odile alicheka. Alimwelewa. Yeye mwenyewe alikuwa akiona jinsi ya buluu inavyofanya kazi, mtoto anavuta na kabla hujasema Baba Yetu hadi Amina mabega yameshuka. Dawa inayoonekana ikifanya kazi, nani asiiamini?

Lakini saa zilianza kupungua. Mwanzoni mvuto mmoja ulimtosha kutwa nzima. Kisha ikawa kutoka chai ya asubuhi hadi ugali wa mchana. Kiangazi kikaingia, baridi ya alfajiri na lile vumbi jekundu la barabara ya machimbo, na ikawa saa tatu, kisha mbili. Hata harufu ya mkaa wa jirani ilitosha kumkamata. Akicheka, anakohoa. Mtoto akaacha kucheka, si kwa huzuni, kwa hesabu tu.

Asubuhi moja ya mwezi wa tano Odile alimkuta ameketi kitandani, mikono imeshika magoti, shimo la shingo likiingia na kutoka. Alimvutisha ya buluu. Akangoja. Akamvutisha tena. Mara ya nne ilipopita bila kitu, alivuta sanduku chini ya kitanda, akaichukua pompi ya kahawia pamoja na kitenge chake, akamfunga mtoto mgongoni.

"Unaenda wapi?" Stany aliuliza, ingawa alijua. Bakasai wote waliofukuzwa walikuwa bado kwenye kituo cha treni, wakingoja mabehewa.

"Kwa Mianda."

"Kule kuna watu wanaandika majina ya wanaoenda. Odile, watu wanaangalia."

"Waangalie," alisema. "Na huyu wa mgongoni wamwangalie pia."

Stany alivua koti lake akamfunika mtoto mgongoni. Hakuwafuata.

Kituoni palikuwa pamegeuka mji. Mahema ya turubai na mashuka yalifuata reli pande zote mbili. Kabati zilisimama juani na vioo vyake, vyungu vilichemka juu ya mataruma, na milango ya nyumba, milango mingi, iliegemezwa ikawa kuta. Odile aliutambua mlango wa tata Kanku kwa rangi yake ya kijani kabla hajamwona Mianda. Alikuwa ameketi juu ya mkeka, kitambaa cheusi kichwani, akichambua mboga. Aliinua macho, na macho yake yakampita Odile, yakaenda moja kwa moja kwenye shingo ya mtoto.

"Mulete."

Hakuuliza habari za nyumbani. Alimketisha Abigaëlle mapajani, akaitoa ile chupa ya mafuta kwenye kikapu, akachomeka pompi ya buluu, akamvutisha, akahesabu pumzi, akamvutisha tena, mara nyingi kuliko Odile alivyowahi kuthubutu.

"Tangu lini?"

"Leo alfajiri. Hapana. Wiki nne."

"Na ile ya kahawia umemuvutisha?"

Hapa Odile alifungua kitenge kwa uangalifu wa mtu anayefunua zawadi. Alikuwa ameingoja saa hii. "Iko hapa, mama. Sijaigusa. Nimekutunzia yote kama ulivyonipa."

Mianda aliiangalia. Kisha, kana kwamba hakusikia au hakutaka kusikia kwa masikio peke yake, alikichomoa kile kikopo cha chuma, akakitumbukiza kwenye sufuria ya maji ya kuoshea mboga.

Kikopo kilizama. Kilishuka wima, kikagonga chini *tii*, kikatulia.

Jani moja la mboga lilipita juu yake likizunguka.

"Wiki saba," Mianda alisema.

"Ulisema ni dawa kubwa. Nikasema tuiwekee siku mbaya. Akiba haiozi, mama."

"Ya chumvi haiozi, Odile. Ya pumuzi inaoza."

Alikichukua kikopo, akakifuta kwa ncha ya kitambaa chake, akakirudisha kwenye plastiki. Halafu akaingiza mkono chini ya mkeka akatoa kopo la tumbaku lenye vidonge vidogo vyeupe. Alivunja, akasaga kwa kijiko, akakoroga na maji kidogo, akamnywesha mtoto. Akahesabu vingine vitano, akavifunga kwenye karatasi akampa Odile. "Kila asubuhi kimoja na nusu, siku tatu, baada ya kula. Hivi vinaenda kuzima kule ndani. Lakini si sasa hivi. Mpaka jua ligeuke. Kaa chini, tungoje."

Wakangoja. Na katika kungoja kule Mianda alieleza, kwa ile sauti yake ya dispanseri, pole pole, akimkanda mtoto mgongo kwa kiganja.

"Njia ya hewa ni kama mupira wa maji, na inje yake kuna musuli unaouzunguka. Musuli unafinya sababu kuna mishipa ya fahamu inayouamuru. Vumbi likiingia, baridi ikiingia, mushipa unasema *finya*, unafinya. Ya buluu inaenda kwa musuli, inauambia *achilia*. Unaachilia. Kazi yake inaishia pale. Unanisikia?"

"Nakusikia."

"Lakini ndani ya mupira kumevimba, kumeloa, kumechubuka. Kama kidonda. Mishipa iko uchi pale ndani, ni kama jino lililotoboka, hata hewa ikipita inaumia, inapiga kelele *finya, finya*. Weye unamupa ya buluu, musuli unaachilia, unasema mutoto amepona. Kidonda kiko. Kinakomaa. Kesho mishipa inapiga kelele kwa kitu kidogo zaidi, na ya buluu inadumu saa chache zaidi. Ile unaona inafanya kazi, njo inakuficha. Ile huoni kitu, njo inaponya kidonda."

Odile alikuwa akikumbuka kicheko chake na Musafiri sokoni.

Jua liligeuka. Kivuli cha mlango wa kijani kilitambaa hadi miguuni mwao. Mahali fulani kati ya kivuli na miguu, shingo ya Abigaëlle iliacha kuzama, mabega yakashuka, na mtoto akaanza kuangaza macho huku na huku kama mtu aliyeamka ugenini. Aliuona mlango. Akauona na mkongojo umelazwa juu ya godoro.

"Tata Kanku iko wapi?"

Mianda aliendelea kumkanda. "Tulimuzika Alhamisi," alisema.

Odile alilisikia neno, lakini lilichelewa kufika. "Lakini alikuwa na yake. Ya kujaa. Alijipiga mfuko."

"Mufuko ulikuwa na kitabu cha sala." Mianda alisema bila kumtazama. "Ilikuwa moja tu, Odile. Alisema mutoto ana safari ndefu kumupita yeye. Akanikataza kukuambia. Baridi ya hapa ikamukuta na ya buluu peke yake. Hivi vidonge vilipatikana Jumatano, kwa mutu wa Kamina. Alikunywa kimoja."

Kwa hiyo mtoto alikuwa amekunywa dawa ya marehemu. Na wiki saba zile, wakati kifua cha mzee kikifunga kidogo kidogo hatua mia chache kutoka hospitali ambayo haikumpokea tena, kile ambacho kingekisaidia kilikuwa kimelala katikati ya sabuni mbili za kunukia, hakimfai yeye wala mtoto. Odile alipiga magoti juu ya kokoto za reli, akashika miguu ya Mianda.

"Simama," Mianda alisema. "Watu wanaangalia."

"Mama, mi nimemuua."

"Simama, nimesema. Mi ni muuguzi. Mi nilijua ule mufuko hauna kitu, miaka kumi namufulia koti. Nilijua na nikanyamaza, juu nilitaka kumuheshimu." Alikaza kitambaa chake cha kichwa. "Na siku ile nilikuona dirishani, nyuma ya rido. Nilijiambia ni mwanga wa jua. Basi. Tuko wengi tulionyamaza."

Alimvuta Odile mkono hadi akainuka. Kisha akatikisa pompi ya kahawia, akaichomeka kwenye tako la chupa, akaitia mikononi mwa Odile.

"Sasa muvutishe weye. Nione."

Odile alimvutisha. Mara mbili. Abigaëlle alisukutua kwa maji ya kikombe. Aliangalia pembeni akitafuta shabaha, akaona mbali kidogo kijiti cha alama ya reli, akatema. Hakukifikia.

"Ni upepo," Mianda alisema, na hapo ndipo alipolia.

Treni ilikuja siku tisa baadaye. Odile alikwenda kituoni mchana kweupe na kitenge kipya begani, kile cha kwenye sanduku, akamfunga nacho Mianda kiunoni kwa ajili ya baridi ya behewa wazi. Stany alikuwa pamoja naye safari hii. Aliubeba mlango wa kijani mpaka kwenye behewa, akaupakia, na Mianda akamwambia asante tata. Chupa ya mafuta ilibaki na mtoto. Wiki mbili baadaye mfanyakazi mmoja wa reli alileta habari kwamba treni ile ilikaa kituo cha Tenke siku tatu bila maji, kisha ikaendelea kaskazini. Baada ya hapo hakukuja habari nyingine, wala mwaka ule wala uliofuata.

Asubuhi na jioni, mara mbili mbili. Watu waliohamia nyumba ya Mianda walikuwa wageni, hawakuelewa kwa nini mama na mtoto wa jirani huomba kuketi kwenye benchi la nyuma, lakini hawakuwafukuza. Abigaëlle alivuta akiwa anakohoa na akavuta akiwa anacheka. Mwezi wa sita pompi ya buluu ilikaa siku nne rafuni bila kushikwa. Mwezi wa saba alikwenda na kurudi kisimani mbio, kwenye baridi, na Odile akasimama jikoni na kijiko mkononi akisikiliza ule mluzi usiokuja.

Asubuhi moja mtoto alikichomoa kikopo, akakitumbukiza kwenye beseni. Hakikushuka. Kilijilaza juu ya maji kama jani, kikazunguka taratibu, kikagusa ukingo.

"Imekwisha, mama."

"Imekwisha," Odile alisema. "Yote."

Alikitazama kinavyoelea, kitupu, kimefanya kazi yake hadi tone la mwisho. Machozi yalimjia akayaacha. Masista wa mjini walisemekana kuwa na duka la dawa, na Musafiri alikuwa ameapa kuleta tatu za kahawia akipata mteja mmoja tu wa kweli. Wangeanza kwa masista, leo leo, kwa miguu.

"Sukutua kwanza," alimwambia.

Abigaëlle alisukutua. Alisogeza miguu, akavuta pumzi ndefu hadi chini kabisa, akatema, na mate yakapiga shina la mlimau. Hakushangilia. Alichota maji mara ya pili, akasukutua tena ingawa hakuwa na dawa mdomoni, akasogea hatua mbili mbele, kwa sababu mzee siku zote alitema karibu, akatema kwa zamu ya mzee, ili naye afike.

Kisha akaichukua chupa ya mafuta, akatangulia njiani.